Tafsiri Niliyoitoa Mbele ya Wazazi

Albamu ya rapu ya majambazi wa Marekani iliingia Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, ikasambaa simu kwa simu kama upele. Vijana wanaokamua mawese wakaanza kutembea kwa kuchechemea, suruali zimeteremka, vidole vimekunjwa kuwa bastola. Majambazi gani hao, wanaotumwa chumvi na mama zao na wanakwenda mbio!

Lakini walionichefua zaidi ni wakubwa. Sokoni, msikitini, kanisani, kila mtu aliilaani, na hakuna aliyejua inasema nini. Nami niliilaani pamoja nao, tena kwa sauti, maana nilikuwa mwalimu wa Kiingereza.

Kisha msichana wa darasa la mwisho, wa kwanza katika somo langu, akakamatwa na albamu nzima kwenye simu. Alikuwa amewagawia wenzake. Baba yake alikwisha kufa, na mama yake alimsomesha kwa kuanika ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani. Mkuu wa shule akaita wazazi waamue: afukuzwe, au aachwe afanye mtihani wa taifa uliokuwa umebakiza miezi michache.

Mbele walikaa waheshimiwa. Mmoja alikuwa muuza mawese ambaye mji mzima ulijua anavyochakachua madumu yake. Huyo ndiye aliyetangulia kulia juu ya maadili. Akasema hawawezi kuhukumu wasichokielewa, basi mwalimu awatafsirie. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema jambo la haki.

Spika ikawekwa mezani. Mmarekani akaanza kumimina maneno, na mimi sikuambulia hata moja. Kiingereza changu kilikuwa cha sentensi za kitabuni, za paka yuko chini ya meza. Nilikitoa vitabuni, nikakifundisha kwa fimbo, na hakuna mtu aliyewahi kunisemesha. Nilitakiwa kusema neno moja tu: sielewi. Badala yake nikakohoa, nikarekebisha miwani.

"Hapa anasema, waueni wazazi wenu."

Wazazi wakashika vichwa. Nikanogewa.

"Na hapa, chomeni shule."

Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile debe lilikuwa mimi. Kadiri walivyoguna ndivyo ufasaha ulivyonizidi. Muuza mawese alitikisa kichwa kwa raha ya mtu aliyempata anayemzidi uovu.

Msichana alikuwa amesimama ukutani. Aliinua macho mara moja, akanitazama, akayarudisha chini. Nikajiambia ni aibu inamla. Akafukuzwa palepale, na mama yake akaja kunishika mkono. "Murakoze mwalimu," akasema, yaani asante, eti nimemfumbua macho.

Miaka miwili baadaye niliteremka ufukweni Magara kununua samaki, nikamkuta yule msichana anaanika ndagala pamoja na mama yake. Alinisalimu kwa mikono miwili. Nami, kwa kuwa mpumbavu hapumziki, nikaona ni wakati wa nasaha. Nikamuuliza kama ameachana na ile miziki michafu.

"Mwalimu, matusi iko mingi mule ndani," akasema taratibu. "Lakini ile ulisema, haiko."

Nikainama karibu yake, nikauliza kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa unasikia Kiingereza yao?"

"Yote. Nilikuwa naandika maneno mu kaye, ile daftari yangu ya shule, nikatafuta mu dikisioneri. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza."

"Sasa juu ya nini haukusema siku ile?"

Akaacha kutandaza ndagala, akanishangaa kama mtu aliyeuliza kwa nini watoto hawawapigi wazee wao.

"Mbele ya wazazi, mwalimu? Uso wako ungeuweka wapi?"

Akanifungia ndagala wangu, kisha akaongeza kiganja kimoja juu yake, kwa sababu mimi ni mwalimu wake.