Ngano Ilipokuwa Mwiko Nyumbani Kwetu

Magoti yangu yana ngozi ngumu kama ya kisigino. Wajukuu hupenda kuyagusa na kuniuliza kama yanauma. Hayaumi, yalikwisha kuzoea. Ni magoti ya mtu aliyeendelea kusaga kwa jiwe wakati wenzake wote wameacha, wakati kijiji chetu kilikuwa na mashine ya dizeli ambayo mlio wake ulifika mpaka kilima cha Mpemba. Watu walisema mimi ni mtu wa ajabu, au kwamba mama mkwe wangu ananitesa. Maneno yote mawili yalikuwa na ukweli kidogo.

Yote yalianza kwa kitindamimba wangu, binti, aliyezaliwa mwaka tuliohamishiwa kijijini. Tuliacha mashamba yetu ya ulezi kule mlimani, tukaletwa barabarani kujenga nyumba kwa mistari. Maziwa ya mama aliyanyonya vizuri akanenepa. Alipofika umri wa kula, njaa nayo ikafika, na serikali ikatugawia ngano ya msaada iliyokwisha kuchemshwa na kukaushwa, tuliyoiita bulga. Nilimpikia uji wa bulga asubuhi, na jioni nikampa bulga yenyewe na maharage. Mtoto akaanza kuharisha. Tumbo likajaa, miguu ikabaki vijiti, nywele zikawa na rangi ya majani makavu.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, akasema mtoto hali vya kutosha, nimwongezee uji, na uwe mzito. Nikaongeza bulga, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Akazidi kudhoofu. Majirani nao wakaanza maneno yao kisimani, kwamba tumembemenda mtoto, kwamba mimi na baba yake hatukuweza kusubiri mpaka aache ziwa. Unabeba mtoto anayekufa mgongoni, na watu wanakuhesabia siku za kitandani kwako. Nilikuwa nikichota maji mchana wakati wa jua kali ili nisikutane na mtu.

Mama mkwe wangu tulikuwa tukiishi naye nyumba moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kusema neno mara mbili. Binti yangu alikuwa amepewa jina la marehemu dada yake baba mkwe, kwa hiyo mama mkwe alimwita yule mtoto mchanga "wifi," na mume wangu akamwita "shangazi." Jioni moja alinikuta nikimlazimisha mtoto uji, naye anaugeuzia uso. Akachukua bakuli mkononi mwangu, akalinusa.

"Huyu ni wifi yangu," alisema. "Na wifi yangu alikuwa hali ngano. Akila mkate wa misheni anaharisha mpaka anatembea kwa kushika ukuta. Mnamlisha mwiko wake, halafu mnahangaika na dawa."

"Mbona hukusema tangu mwanzo, mama?"

"Mlipompa jina mliniuliza?"

Alikwenda chumbani kwake akarudi na kibuyu cha ulezi, akiba aliyokuwa ameihamisha kutoka mlimani bila kutuambia. Tulimpikia mtoto uji wa ulezi. Mara ya kwanza alitapika, mara ya pili ukakaa. Wiki zikapita, kuharisha kukakatika, na siku moja akaniuma chuchu kwa nguvu nikajua amerudi. Leo nasikia hospitali kubwa zina jina la ugonjwa huu na vipimo vyake. Sisi tulikuwa na jina la shangazi.

Sasa, mwiko nyumbani kwetu si jambo la mtu mmoja. Mtoto kwetu hali peke yake. Watoto hula sinia moja, na mtoto anayepikiwa chungu chake pembeni watu humtazama kama mwenye ukoma au mwenye kulogwa. Mama mkwe akasema wifi yake hatatengewa chungu. Kwa hiyo ngano ikawa mwiko wa nyumba nzima, mkubwa kwa mdogo, na aliyeolewa humo pia.

Mimi nilikulia Tunduma, mji wa mpakani. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiislamu, mke wa mwenye lori, aliyekuja na mumewe kutoka Tanga. Alikaanga maandazi ya iliki kila alfajiri, na sisi watoto wa jirani tulipewa yale yaliyopasuka. Mpaka ninaolewa nilikuwa naweza kukuambia kwa harufu tu kama leo ametia nazi. Nilipoambiwa ngano ni mwiko nilikubali bila neno, kwa sababu mtoto alikuwa anapona mbele ya macho yangu. Lakini nisiseme uongo, niliona uchungu. Mume wangu alikubali kwa mdomo. Kila alipotoka Tunduma alikuwa na sukari kwenye masharubu, na mama yake alimfanya anawe uso nje kabla ya kumshika mtoto.

Tukakaa hivyo kwa amani mpaka shamba la kijiji lilipovunwa. Mwaka ule viongozi walikuwa wameamua tupande ngano. Ilikubali vizuri, kila kaya ikapata mgao wake. Sisi wetu tulibadilishana na mahindi kwa watu wengine, haukulala hata usiku mmoja ndani. Na mtoto akaanza kuharisha upya.

Mama mkwe alinitazama mimi. Nilipoanua kanga zangu kwenye kamba nilimkuta amezishika, anazinusa moja moja, akitafuta harufu ya andazi. Hakuna tusi nililotukanwa maishani lililoniuma kama lile. Nilitaka kumwambia kwamba nimepita pale kwa mama wa Tanga mara nyingi na sikununua hata la kuonja. Lakini mtoto alikuwa analia na nepi zilikuwa zinanisubiri, nikaenda kuzifua.

Niligundua nikiwa mashineni. Mwaka ule mahindi tuliyokuwa tunakula, hata yale ya kubadilishana, ni ya njano, ya msaada. Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mama aliyesaga ngano. Alipomaliza, mwenye mashine alimimina mahindi yangu, akaugonga kwa fimbo ule mfuko mrefu wa kitambaa ulio mdomoni mwa mashine, na unga ukaanza kushuka kwenye debe langu. Ulikuwa mweupe. Ukaendelea mweupe, kisha ukawa na michirizi, ndipo njano ikaja.

Jambo lenyewe kila mtu alilijua. Unga wa mwanzo ni wa aliyekutangulia, na wako wa mwisho unamwachia anayefuata. Hakuna aliyelalamika. Ndio ujamaa pekee uliokwenda vizuri bila kuitishiwa mkutano. Mimi pale nilisimama nikiangalia debe. Nilikuwa nimemlisha mwanangu ngano kila siku ya Mungu.

Nilimwomba mwenye mashine awe ananisagia wa kwanza asubuhi. Akasema, "Mama, hata asubuhi tumboni mwa mashine mna unga wa jana. Nikuoshee kwa mahindi ya nani?" Hakuwa mtu mbaya. Dizeli yenyewe ilikuwa ya kuomba.

Nikamweleza mama mkwe. Sikutegemea jibu lake. Alisema hayo si kitu, kwa sababu mwiko ulioula bila kujua haukudhuru. Ndivyo walivyofundishwa. Ukila nyama ya mnyama wa ukoo wako kwa watu bila kuambiwa, unalala salama, unaumwa siku utakayojua. Kwa hiyo mtoto asiyejua hawezi kuumizwa na vumbi la mashine. Lazima kuna mtu anampa mkate kwa makusudi.

"Mama," nikamwambia, "mimi sasa najua. Kwa hiyo sasa ni mwiko."

Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akanyoosha kidole kwenye jiwe lake la kusagia, lililokuwa nyuma ya nyumba likitagiwa na kuku. "Lioshe," akasema. "Mimi mgongo wangu hauwezi tena."

Hivyo ndivyo nilivyopiga magoti. Na kwa kuwa chungu kilikuwa kimoja, sikusaga unga wa mtoto tu, nilisaga wa nyumba nzima. Ulezi si kazi mbaya, ni nafaka ndogo inayoteleza na jiwe linaimba. Mahindi ndiyo yaliyoniua. Uyatwange kinuni kwanza kutoa pumba, uyaloweke, uyaanike, ndipo upige magoti. Ninatoka shamba langu, ninatoka shamba la kijiji, wenzangu wanapita na madebe ya unga kichwani wakicheka, mimi nainama. Binti zangu wakubwa walinipokea jiwe walipoweza, mpaka wakaolewa mmoja baada ya mwingine. Kuna siku nilisinzia juu ya jiwe na mikono inaendelea kusaga. Kuna siku nililichukia lile jiwe, na mara moja au mbili nilimchukia mama mkwe, na mwanangu pia, kwa muda wa kupumua tu, kisha nikaona aibu.

Lakini alikua. Nilimlisha ugali wa ulezi na majani ya maboga yaliyotiwa karanga za kutwanga, maharage yaliyoungwa kwa chumvi ya Ivuna, samaki wakavu wa Rukwa, magimbi, ndizi za kuchemsha. Krismasi watoto wa wenzetu walipokula maandazi, mimi niliponda ndizi mbivu na unga wa mahindi, nikafunga kwenye majani ya mgomba na kuchemsha mpaka ukawa mkate mzito, mtamu, wa kukata kwa kisu. Watoto wa jirani wakawa wanaleta maandazi yao ili wabadilishane. Mama mkwe aliwafukuza kwa mwiko wa kusongea ugali.

Ile miaka duka la kijiji lilikuwa na viberiti tu, na sabuni na sukari zikawa zinavuka mpaka kwa kujificha, binti yangu alichaguliwa kwenda sekondari, shule ya bweni, mbali. Kila mtu alinipongeza, mimi nikaona giza. Nani kule atapiga magoti kwa ajili yake? Baba yake alikwenda kuzungumza na mkuu wa shule, akarudi akasema wamekubali apike uji na ugali wake kwenye sufuria yake, kando ya jiko kubwa, mradi unga atoke nao nyumbani. Nikasaga unga wa muhula mzima. Nilijaza gunia, nikalishona mdomo kwa mkono, na sikuwahi kuchoka vile.

Nilimsindikiza mpaka Tunduma kupanda basi. Alikuwa amenipita urefu. Tulipoweka gunia juu ya keria, nilianza kumwambia yale yale, usipokee biskuti, usikopeshe sufuria yako, osha kijiko kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, basi likiondoka uende pale kwa mama wa maandazi ukale."

"Maandazi gani tena?"

"Tangu nikiwa mdogo, tukipita pale unanishika mkono kwa nguvu mpaka unauma. Nilidhani unaogopa nisikimbilie. Kumbe ulikuwa unajishika wewe."

Basi likaondoka na unga wangu na mtoto wangu, na mimi nikaenda pale. Mama wa Tanga alikuwa amezeeka, binti yake ndiye aliyekaanga. Nilikula andazi likiwa bado la moto, nikiwa nimesimama, iliki ikanipanda puani. Lilikuwa tamu vilevile. Kisha nikaomba maji, nikanawa mikono mpaka viwiko, nikasukutua, nikakung'uta kanga yangu mara nyingi. Nilikuwa nimefika kwenye kilima cha Mpemba ndipo nikakumbuka kwamba nyumbani hakuna mtoto wa kumnawia.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini pua ilikuwa ile ile. Nilimwinamia kumsalimu, akaishika ncha ya kanga yangu, akainusa.

"Umekula ngano," alisema.

"Nimekula, mama. Mtoto hayupo."

Alikaa na ile ncha ya kanga mkononi, hakuiachia. Nilingoja anikaripie. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningekubali kukaripiwa mpaka kesho.

"Andazi lina iliki bado?" akauliza.

"Bado, mama."

Akainusa tena, taratibu. "Misheni walikuwa wanatupa mkate Jumapili," akasema. "Wifi alikuwa ananipa wake, nakula miwili. Tangu mtoto huyu aumwe sijaonja." Kisha akaniachia kanga. "Hukuniletea hata kipande?"