Babu Aliyeishia Njiani Siku ya Ndoa ya Zuhra

Mume wangu aliishia njiani wakati nyumba ya harusi tunaiona kwa macho. Ngoma tunazisikia. Harufu ya pilau inatufikia.

Kijiji kizima kilisema ameshindwa.

Mimi mkewe ndiye niliyesema kwa ukali kuliko wote.

Sisi ni watu wa Matambarale, Ruangwa. Mume wangu aliitwa Lukumani. Miaka zaidi ya thelathini alipuliza salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ukungu, kwenye mikorosho, yetu na ya watu. Kitambaa puani, basi. Mimi ndiye niliyemjazia unga ule kwenye mashine.

Tulirudi nyumbani njano mpaka kwenye kope. Kila mtu anakunywa kikombe chake cha maziwa, tukiamini yanashusha salfa yote iliyoko kifuani.

Maziwa yanaingia tumboni, jamani. Kifuani hayafiki.

Mwaka juzi pumzi zikaanza kumwishia. Akiinama kuvaa kiatu, anahema. Hospitali Nachingwea wakasema ni ugonjwa sugu wa mapafu. Hauponi, unatunzwa. Akapewa dawa ya kuvuta, tukakabidhiwa kwa nesi mmoja, Auleria, binti wa Bukoba.

Binti yule alikuwa na subira. Alimshika mume wangu mabega, akayashusha taratibu kama anamtua mzigo.

"Babu, ukibanwa usikimbilie kuvuta hewa. Toa kwanza ile iliyomo. Vuta kwa pua, hatua mbili. Bana midomo kama unapoza uji, toa, hatua nne. Ikizidi, simama, inama mbele, mikono kwenye magoti."

"Na kwenye mlima?"

"Kwenye mlima nenda kinyonga. Nani anakukimbiza?"

Babu akacheka. Nesi akanigeukia. "Bibi, wewe utamhesabia."

Basi nikawa nahesabu. Kila asubuhi tunatembea, namhesabia. Moja, mbili, anavuta. Moja, mbili, tatu, nne, anatoa. Fyuuu.

Vijana wa kijiweni hawakutuacha. Jamali, wa bodaboda, akapaza sauti:

"Mzee baba! Mluzi huo unamwita nani, na Mama Kaimu yupo hapo hapo?"

"Namwita mbuzi wangu," akajibu Lukumani. "Naona ameitika."

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Kesho yake tukakuta Jamali ametuwekea benchi kivulini, tupumzike. Sijasahau.

Sasa, marehemu mwanetu Kaimu aliacha binti mmoja, Zuhra. Akaposwa. Ndoa ikapangwa kufungwa nyumbani kwa mama yake, Saada, upande wa pili wa kijiji. Baba hayupo, kwa hiyo wa kumwozesha ni babu.

Lukumani alilitaka jambo hilo kuliko dawa.

"Nitamwozesha kwa mdomo wangu," alisema. "Na nitafika kwa miguu yangu. Sipakiwi kwenye pikipiki kama gunia la korosho."

Tulifanya mazoezi miezi mitatu. Wiki ya mwisho alifika kwa Saada kwa kusimama mara mbili tu. Siku nyingine aliniambia, "Hesabu kimoyomoyo, Mama Kaimu. Sauti yako inakatika."

"Uzee huo," nikamjibu.

Siku ya ndoa niliamkia jikoni. Kuni mbichi, moshi mtupu, na maandazi ya wageni lazima yaive. Saa nne tukatoka. Yeye kanzu nyeupe, mimi khanga mpya.

Tukafika kwenye kilima cha mwisho. Nahesabu. Sauti ikanikwama, nikameza mate, nikaendelea.

Lukumani akasimama. Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa kwenye gogo kando ya njia.

"Nimeshindwa, Mama Kaimu."

"Umebakiza hapo tu!"

"Nimeshindwa. Mpigie mdogo wangu Habibu. Aozeshe yeye, nampa uwakili."

"Nimwite Jamali na pikipiki?"

"Nimesema nimeshindwa. Kaa hapa na mimi."

Nikapiga simu. Kisha nikakaa, nimefura.

"Ukaidi wako umetuaibisha," nikamwambia.

Tulikaa hapo mpaka vigelegele vikapigwa kule juu. Akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Mimi nikatazama pembeni.

Kesho yake Zuhra alikuja na hina mikononi.

"Babu, yaani hata boda umegoma? Umenizingua kweli."

"Nisamehe, mjukuu wangu," akasema. Basi.

Hazikupita wiki sita, mafua yakamshukia kifuani. Jumamosi baada ya alfajiri akatutoka.

Siku ya hitima nesi Auleria alikuja kutoka Nachingwea, na kilo mbili za sukari mkononi. Akakaa nami mkekani.

"Bibi, kifua chako kinaendeleaje? Jumatatu nilikusubiri."

"Kifua changu? Jumatatu gani?"

"Kumbe babu hakukwambia. Alikuombea nafasi ya kupimwa. Alisema ukijua mapema utakataa, atakuleta mwenyewe."

"Nipimwe nini?"

Ndipo akanieleza aliyoambiwa na mume wangu kwa simu. Yale maneno nayaandika kama nilivyoyapokea:

"Siku ya ndoa mimi ningefika, nesi. Pumzi nilikuwa nayo. Mke wangu ndiye aliyekuwa hana. Kifua kinalia, midomo imebadilika rangi, na bado ananihesabia. Ningemwambia apumzike, angebisha. Ningemwacha au kupanda pikipiki, angenifuata kwa miguu. Nikasema nimeshindwa mimi, ndipo akakaa."

Sikulia pale. Nilishindwa hata kulia.

Moshi wa jikoni miaka yote ile, na salfa niliyokuwa namjazia. Niliita uzee. Yeye alikuwa anasikiliza pumzi zangu kuliko zake.

Nilimweleza Zuhra. Alilia mpaka mumewe akaja kumwinua.

Wewe unayemuuguza mtu, nenda ukapimwe na wewe. Unayepuliza mikorosho, tafuta barakoa ya kweli, maziwa ni chakula tu. Na ukimwona mtu ameacha kitu alichokitaka sana, muulize kwa upole kabla hujamwambia ameshindwa. Mimi sikuuliza, na wa kumwomba radhi hayupo.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye eda, lakini kwa matibabu inaruhusiwa kutoka. Nikapanda basi la Nachingwea peke yangu. Daktari alikuwa kijana, mpole. Akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akatikisa kichwa.

"Bibi, kwa hali hii umeletwa na nani?"

"Mume wangu," nikasema.

Akageuka kutazama mlangoni.