Mume Ashika Tochi, Mke Ashika Nyundo

Saa tatu asubuhi, uani kwa fundi Marhun mjini Ibra, bloku ya injini ya Land Cruiser imelazwa juu ya meza ya chuma. Marhun ameshika tochi. Nyundo anayo mkewe, Ghanima.

"Futa tundu liwe kavu. Paka gundi kidogo. Bas," anaelekeza Marhun.

Ghanima, shela kaifunga kiunoni, anaweka kizibo cha bati, mfano wa kisosi kidogo, kwenye tundu la ubavuni mwa bloku. Anakiegemezea soketi ya spana, anagonga. Vizibo hivi huzuia maji ya injini yasivuje. Kwenye nchi za baridi maji yakiganda, huchomoka vyenyewe, bloku ikasalimika.

"Ibra barafu iko kwenye friji tu," anacheka Marhun. "Hapa adui yetu kutu."

Mzaliwa huyu wa Tabora, mwenye miaka hamsini na miwili, alizoea kufungua injini tatu kwa mwezi. Mwaka 2002 kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukafa ganzi. Tangu hapo, miaka miwili sasa, hajamaliza injini hata moja, na nyumba inaendeshwa kwa mshahara wa binti yao Alya, karani mjini Izki. Hii ya jirani yake Hamoud ameichukua kama mtihani wa mwisho. Ikivuja, anafunga gereji.

Wiki iliyopita nusura aifunge. Alimwambia mkewe, "Gonga taratibu." Ghanima ni mwenyeji wa Ibra, Kiswahili kajifunzia kwa mumewe. Yeye akasikia tartib, yaani mpangilio kwa Kiarabu.

"Wallahi nafikiri anataka moja-moja kwa mstari," anasimulia. "Nikapiga kwa nguvu. Huyu, kisha huyu, kisha huyu."

Vyote vikaingia upande. Marhun akaenda kuketi ndani.

"Nililia," anasema Marhun. "Si kwa vizibo. Nilimwonea huruma mwenzangu. Mikono imembabuka kwa petroli kwa ajili yangu, nami hata koleo siwezi kushika."

Ghanima akavichomoa mwenyewe, akanunua vipya, akamfuata, akamwita baba Alya kwa lugha yake. "Bu Alya, inuka. Safari hii nambie shwayya shwayya."

Basi leo anaambiwa hivyo, polepole kwa lugha yake, na kizibo cha mwisho kinakaa sawa.

Siku mbili baadaye injini imesharudi garini. Hamoud anawasha, wanangoja ipate moto. Kwa mazoea Marhun anapeleka mkono wa kulia ubavuni mwa injini, anakumbuka hauhisi kitu, anaurudisha. Ghanima anapitisha kitambaa cheupe chini ya kila kizibo, anakitazama.

"Kavu, Bu Alya. Kavu kabisa."

Marhun anageuza uso. Machozi hayamsikilizi.

Sasa kuna mtu wa Bidbid mwenye injini ya Hilux iliyolala mwaka mzima. Marhun amempigia simu ailete.

"Ila nimemwonya," anasema. "Akifika asiniulize mimi itakuwa tayari lini. Amuulize fundi."