Shada la Maua Nililopeleka Majengo

Kutoka Kaloleni mpaka Majengo mwenye magoti mazima hawezi kupaita safari. Mimi naiandika kwa sababu nimewachosha majirani nikijisifu kwamba simu imenizungusha dunia nzima.

Jumatatu adhuhuri binti ya Rajabu alinipigia. "Mama ametuacha. Baba amesema uambiwe mapema." Rajabu tulifanya naye kazi ya reli zaidi ya miaka thelathini, na pilau ya mkewe, Bi Zuhura, nimeila kila Idi. Nikasema pole, nikakaa kungoja kuitwa. Kwetu Maragoli kuna kamati ya mazishi kwanza, mwili uko mochari, hata wiki mbili zinaisha.

Alhamisi asubuhi, bado kimya. Nikavaa koti jeusi, nikanunua shada la maua la kuweka juu ya jeneza, nikatoka.

Njiani, pale Shauri Moyo, nilipumzisha goti kwa fundi wa masanduku ya bati. Na mdomo wangu huu! Nikamsimulia nilivyoona mtandaoni watu wa kisiwa fulani cha Asia wakikaa na maiti nyumbani miaka, wakimpelekea hata chakula.

"Mzee, wewe unajua mambo ya watu!"

Nikaondoka nimevimba kichwa.

Majengo nilimkuta Rajabu mlangoni, mikeka ya matanga imeshakunjwa. Nikamuuliza, "Mama yuko mochari gani?"

Akayatazama maua. "Zeke, tulimzika Jumatatu ile ile, alasiri. Sisi hatulazi maiti."

"Sikujua."

"Miaka yote hii?" Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Niliwazuia watu kaburini. Nikawaambia ngojeni kidogo, Zeke anakuja, naye atie udongo. Wakangoja mpaka nikaona haya."

Nikatafuta pa kuficha shada, nalo kubwa kama tairi.

"Keti, bwana. Umeshika hilo gurudumu kama fundi wa baiskeli." Akacheka kidogo, machozi yakamtoka. Yangu pia.

Nilipoaga akanirudishia maua. "Mpelekee mama watoto. Yeye angali anaona."

Kurudi nilipita njia ya nyuma, yule fundi asinione. Simu haikunidanganya, wale wa kisiwani wapo. Niliwatazama mpaka bando likaisha, nikauliza kila mtu habari zao. Kwa Rajabu nilikuwa nakula tu.

Nyumbani mke wangu akapokea shada. "Mbona maua yamerudi?"

Nikamwambia yote, na yeye ndiye wa kwanza niliyemsimulia habari za Majengo.