Alama ya Nyota Chini ya Kopo

Nianze na hili ili usinisumbue mbele: sikuwa nimelewa. Pombe siigusi tangu ujana wangu, kwa sababu ya tumbo, wala si kwa utakatifu. Tena haikuwa usiku. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa nne imeshapita, hapa hapa Bukavu, kule Cimpunda, wakati nchi bado inaitwa Zaïre. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi nina vidole vitatu vya mkono wa kuume ambavyo havinyooki, na hakuna mwenye kicheko aliyewahi kunieleza nani alivivunja.

Kazi yangu ilikuwa kuyeyusha étain na kuimimina kwenye kalibu. Nilitengeneza misalaba, vijiko, medali, makopo. Étain nilikuwa naipata wapi? Wabeleji walipoondoka, vyombo vyao vilibaki vikizunguka kwenye maduka ya okazyo pale Kadutu, yale ya vitu vilivyokwisha kutumika: vinara, sahani, vikombe vyenye vifuniko. Vingi vilikuwa takataka. Lakini katikati ya takataka ungeweza kuokota étain halisi, lile bati jeupe na laini linaloyeyuka juu ya mbabula ya makaa kama ya kupikia. Kuitambua ndiyo ilikuwa sifa yangu, na mji mzima sikuwa na mwenzangu. Sijisifu. Haya, najisifu.

Sikiliza nikufundishe, maana utahitaji. Kwanza sumaku. Ikikamata, hicho ni chuma, kiweke chini uende zako. Pili karatasi nyeupe. Sugua. Étain nzuri haiachi alama, au huacha kivuli kidogo tu. Ikiandika nyeusi kama penseli, basi ni risasi, yale madini mazito ya kwenye betri za magari, na risasi ni sumu. Tatu kisu, ukwaruze uone ndani pana rangi gani. Nne, ambayo ndiyo niliyoipenda, sogeza sikioni ukunje polepole. Étain hulia. Niamini, hulia kabisa, kr-kr-kr, kama mtu anatafuna chumvi ya mawe. Risasi hukunjwa kimya. Ukibaki na shaka baada ya hapo, ni moto: étain hutangulia kuyeyuka, risasi hufuata.

Sasa kosa langu. Mwaka mmoja kabla ya Jumamosi hiyo alikuja maman Furaha, mwanamke wa kutoka Walungu, kule milimani, aliyekuwa anauza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Alitaka kopo kubwa lenye mkono. Mimi nilikuwa nimebakiwa na mzigo wa risasi niliyoinunua pamoja na vitu vizuri, na sikutaka ilale bure. Nikamimina makopo matatu, nikayasugua msasa hadi yakang'aa, chini ya kila moja nikagonga alama yangu, nyota ndogo ya ncha nne. Akashika moja, akaligeuzageuza.

«Papa, hii iko étain ya kweli?»

«Iko étain, maman. Mimi tena nikudanganye?»

Karatasi ilikuwa pale mezani, imeandikwa nyeusi tii, nimeigeuza upande wa pili. Akanieleza kwa furaha kwamba atakuwa analaza kasiksi humo ndani, asubuhi aionje kabla ya wateja kufika. Kitu kichachu kilale ndani ya risasi usiku kucha! Nilijua maana yake. Nikamfungia kopo kwenye gazeti, nikamtakia safari njema.

Turudi kwenye Jumamosi. Kesho yake watoto thelathini wa parokia yetu walikuwa wanapokea komunyo ya kwanza, na mmoja wao alikuwa Nabintu, binti yangu wa miaka minane. Padri alikuwa ameniagiza medali thelathini. Nilizunguka maduka yote ya okazyo, nikapata étain ya medali kumi na mbili tu. Unadhani nilimwambia padri? Nilimimina kwanza ya Nabintu, safi kabisa, nikaitundika kwenye msumari ukutani. Étain iliyobaki niliirudisha kwenye chungu, nikaongeza risasi. Watoto wa umri ule hunyonya medali misa nzima, unawajua. Nami niliwajua. Ndiyo maana ya mwanangu niliitenga.

Kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima, mtaa mzima unatoka kuzibua mifereji. Mke wangu alikwenda na watoto. Mimi nilijificha kwenye karakana yangu, nikatia komeo, nikawasha moto. Nje nilisikia majembe na vicheko. Nikainama kukoroga chungu, na nilipoinua macho, maman Furaha alikuwa amesimama upande wa pili wa mbabula.

Alikuwa amekonda sana. Viganja vyake vilining'inia kutoka kwenye vifundo vya mikono kama nguo mbichi kwenye kamba. Kopo langu alikuwa amelibana kwapani. Akatabasamu, nikaona mstari wa kijivu umepita kwenye ufizi wake wote, juu na chini.

«Karibu, maman,» nikasema. «Umepitia wapi?»

«Minarudisha kopo yako.»

Nikatazama mlango. Komeo lilikuwa mahali pake. Hapo jasho likaanza kunitoka, na si la moto.

Akaweka kopo mezani kwa kiwiko, akaelekeza kidevu kwenye chungu. «Na hii, Papa? Hii iko étain?»

«Iko étain, maman.»

«Basi tupime.»

Nikanyoosha mkono kuchukua karatasi. Akacheka. «Haiko yenyewe tutapima. Tutapima weye.»

Sumaku yangu ilikuwa inaning'inia kwenye kamba. Sikuona alivyoishika. Nilisikia tu imenipiga kifuani, pumzi zote zikatoka, nikaanguka juu ya gunia la makaa. «Haikamate,» akasema. «Hauko chuma.» Halafu ile mikono iliyokuwa imelegea ikanishika shingo, nayo ilikuwa na nguvu ambayo sijawahi kuiona hata kwa askari. Ukuta wangu nilikuwa nimeupaka chokaa. Akanibandika uso pale na kunisugua, mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi ngozi ya shavu ikabaki ukutani. Akarudi nyuma kutazama masizi na damu.

«Unaandika nyeusi, Papa.»

Mbona sikupiga kelele? Swali zuri. Unajua mjinga niliyekuwa nawaza nini? Nikipiga kelele, chef wa avenue, yule mkubwa wa mtaa, atajua kwamba nimekwepa salongo. Naapa nilikuwa nawaza hivyo huku damu inaingia mdomoni.

Akachukua kisu changu cha kukwaruzia. Akakivuta kutoka kiwiko changu hadi kifundo cha mkono, bila haraka, namna ninavyokivuta mimi kwenye sahani ya Mbeleji. Akapanua kidonda kwa kidole, akachungulia ndani. Nilimpiga teke la tumbo. Ni kama nilipiga nguzo ya nyumba. Akanigeuza, akaukalia mgongo wangu, akavuta mkono wangu wa kuume hadi kwenye sikio lake, akakishika kidole kidogo.

«Ile ya ndani ya chungu. Iko étain?»

«Iko étain!»

Akakunja. Polepole, kama inavyotakiwa. Nilikisikia kikilia kr-kr-kr kabla hakijavunjika. Nililia na mimi.

«Iko étain?»

Sasa nitakueleza aibu yangu. Ningeweza kusema ukweli palepale. Lakini kusema kwamba chungu kina risasi ilikuwa ni kusema kwamba hata kopo lilikuwa risasi, na aliyekuwa amenikalia nilishamwelewa kuwa si mtu wa kuhema tena. Ningekuwa nimekubali kwamba nimemuua. Nikasema iko étain. Akavunja cha pili. Nikasema tena. Akavunja cha tatu.

Kisha akaniachia. Nikadhani yamekwisha. Akaenda kwenye ukuta, akaitoa medali ya Nabintu kwenye msumari, akaja nayo juu ya chungu.

«Maman, hapana. Hiyo ni ya mtoto.»

«Na wale wengine haiko batoto?»

Akaiachia. Haikupiga hata mlio. Ililala juu kidogo, sura ya Bikira Maria ikalegea, ikazama. Akanishika nywele, akaniinamisha hadi nyusi zangu zikaanza kuungua.

«Sasa zote ziko sawa. Kesho mutoto wako atavaa hii, ataiweka mu kinywa. Sema, Papa. Iko étain?»

«Ni risasi!» Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote. «Ni risasi! Na kopo lako ni risasi! Nilijua! Nilikuwa najua!»

Vidole vitatu havikunitoa ukweli. Medali ya mwanangu ndiyo iliyoutoa. Sijivunii hilo, na sitalificha.

Maman Furaha akaninyanyua, akaniketisha chini kama mtu aliyemaliza kazi. Akakichukua chungu kwa mikono mitupu, madini yanatokota, akakiinua mdomoni, akanywa. Nilisikia koo likishusha, gu, gu, gu. Akanywa hadi tone la mwisho, akapangusa midomo.

«Ndiyo yenyewe,» akasema. «Ilikuwa na ladha hii.»

Majirani walivunja mlango. Komeo lilikuwa bado limefungwa kwa ndani, wote waliliona. Walinikuta peke yangu, chungu kitupu, hakuna hata tone la madini sakafuni, na kopo la nyota liko mezani. Chef wa avenue alitaka kwanza nieleze kwa nini sikuwa kwenye salongo. Mke wangu ndiye aliyemsukuma kando na kunifunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwa.

Padri nilimweleza yote. Jumapili watoto thelathini walikwenda altareni shingo tupu, na Nabintu alilia tangu nyumbani hadi kanisani. Sijawahi kufurahia machozi ya mtoto kama siku ile.

Baadaye nilipanda Walungu. Dada yake maman Furaha alinipeleka kaburini, akaniambia alikufa miezi miwili kabla ya ile Jumamosi. Mikono ililegea kwanza, kisha ufizi ukawa wa kijivu, kisha akawa hatambui watu. Nikamwambia mimi ni nani na nimefanya nini. Alinitemea mate usoni. Sikujipangusa mbele yake.

Miaka mingi imepita. Kalibu zangu nilizitupa. Mvua ikikaribia, vidole vyangu vinalia, na ukisogeza sikio utavisikia. Lakini hilo si jambo la kukutisha. Jambo la kukutisha ni hesabu yangu ya makopo. Lile la maman Furaha nimelizika mwenyewe. La pili nilikuwa nimemuuzia jirani yangu pale Cimpunda, nikalipata, nalo nikalizika. La tatu nililiuza kwa mama mmoja aliyekuwa anashuka Luberizi kufuata mchele. Nilimtafuta hadi nikampata, yuko hai, ashukuriwe Mungu, lakini kopo alikuwa ameshaliuza kwenye duka la okazyo, hakumbuki lipi.

Kwa hiyo acha kucheka kidogo, inuka, tazama kabatini kwako. Kama una kopo zito la kijivu ulilolipata kwa bei rahisi, ligeuze. Ukikuta chini nyota ndogo ya ncha nne, usilinywee, wala usimpe mtu. Mimi ndiye niliyelitengeneza, nami ndiye niliyesema ni étain. Nilidanganya.