Ekseli ya Jirani

Sauti ya landrova ya jirani yangu niliijua kuliko sauti ya jogoo wangu mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ukungu wa msituni haujaziachia nyumba zetu pale Karatu, alikuwa akiiwasha. Ufunguo mara moja tu, injini inakohoa, inashika. Mke wangu husema, "Jirani ameamka." Mimi hujigeuza upande wa ukutani. Yangu ilikuwa ng'ambo ya pili ya ua wa michongoma, imekaa juu ya mawe manne, na chini yake kuku wanataga.

Hizo gari tulizinunua siku moja, katika mnada mmoja kule Arusha. Zilikuwa fupi zote mbili, rangi ya majani mabichi, kuukuu tayari. Mnada ule mimi ndiye niliyemwambia. Na mimi ndiye niliyelala chali chini ya zile gari nikagonga chesisi kwa spana, moja baada ya nyingine, nikatoka huko nimejaa kutu machoni nikamnong'oneza kwamba ile ya kushoto ndiyo nzima. Nilikuwa bado najifuta mikono alipouinua mkono wake kuipigia bei ile ya kushoto.

"Chukua hiyo nyingine, jirani," akaniambia. "Wewe una mikono ya ufundi kunishinda. Utaiamsha."

Watu husema alinisifu. Mimi tangu siku ile nina kijiba cha roho, wala sikifichi.

Sote tulikuwa madereva, sasa tumestaafu. Mimi nilikuwa wa watalii. Nililala kambini, leo ukingoni mwa kreta, kesho Serengeti, narudi nyumbani nina nguo chafu na usingizi. Yeye alikuwa dereva wa shule, analala kwake kila siku. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Mimi nina binti mmoja tu, na huyo binti alipougua homa, gari lililomkimbiza hospitali lilikuwa la jirani. Alipoanza bweni, sanduku lake lilipakiwa kwenye gari la jirani. Mimi nilisimuliwa. Alimwita baba mkubwa, na kila nilipolisikia neno hilo nilikumbuka kwamba sina kaka.

Mwaka jana binti alipata mchumba. Tulikaa kikao cha harusi sebuleni kwangu, na mjumbe mmoja akashauri tukodi gari jipya la kumbeba bibi harusi, jeupe, lenye kiyoyozi.

"Hapana," binti akasema. "Mimi nataka landrova."

Nilihisi kifua kimepanuka. Nilishafungua mdomo nimjibu kwamba hilo niachieni mimi.

"Ile ya baba mkubwa," akamalizia.

Watu wakapiga makofi. Jirani, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kwa adabu zake zinazoniudhi, akainamisha kichwa kama mtu aliyetunukiwa. Nikasimama. Nikasema bibi harusi hatoki nyumbani kwa baba yake akiwa kwenye gari la jirani wakati baba yake ana gari. Mke wangu akaniuliza, mbele ya wajumbe wote, ni gari lipi, lile la kuku?

Hapo ndipo nilipoanza kazi. Nilikuwa nimeigusagusa miaka yote, leo boliti mbili, mwezi ujao moja, lakini sasa niliingia mzima mzima. Tatizo la gari kama hili hapa kwetu si ufundi, ni vipuri. Utadhani Karatu, mji wa gereji na magari ya watalii, vimejaa. Lakini landrova za zamani zilizopita hapa karibu zote zilikatwa katikati zikarefushwa, paa likatobolewa ili wageni wasimame kumtazama simba. Vilivyobaki ukiviokota havikai kwenye gari fupi lisilokatwa. Mlango wa kushoto niliupata Endamarariek, kwa mkulima aliyeufanya mlango wa banda la nguruwe. Nikampa wa mbao, akaona nimemzawadia. Kabureta niliipata kwa muuza chuma chakavu. Kioo cha ndani cha kumwangalia abiria nilikitoa kwenye gari nililoendesha kazini zamani, nikakifunga mimi mwenyewe, nikakipangusa mpaka nikajiona mvi.

Jirani alikuwa akija kuchungulia. Anaweka mikono nyuma, anazunguka, anasema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Alikuwa anamaanisha ya kwake au yangu? Nilichukua spana nikaingia uvunguni na kukaa humo mpaka alipoondoka.

Harusi ikiwa imekaribia, niliishusha kwenye mawe. Iliwaka. Naapa, iliwaka kwa ufunguo! Nikatoka nayo getini, watu wakashangilia, nikaona pazia la jirani linasogea, na kwa ajili ya pazia lile nikakanyaga mafuta kwa nguvu na kuachia klachi ghafla. Kitu kikalia tak huko nyuma. Injini ikaendelea kuunguruma, gari limesimama.

Nilijua kabla sijashuka. Ekseli ya nyuma imekatika, kile chuma kirefu kinachotoka kwenye difu, lile bonge la gia la katikati, na kulizungusha gurudumu. Gari zima la aina hii likikatika nyuma hujikokota kwa magurudumu ya mbele, lakini yangu ya mbele hayakuwa yameunganishwa bado, kwa kukosa vipuri vilevile. Nikasukumwa kurudi nyumbani. Jirani alisukuma pamoja nao, tena ndiye aliyesukuma kwa bidii zaidi.

Nikalirudisha gari juu ya mawe. Chuma kilikatikia ndani kabisa. Nilichomoa kipande cha nje, kile chenye meno ya kushikia gia kikabaki kwenye difu. Mtu mwenye akili angeruka ua akamuuliza jirani, maana gari zetu ni pacha na yeye alishawahi kulifungua la kwake: je, meno ya ekseli hii ni ya namna gani? Swali dogo kama hilo. Nilishindwa. Nikaona heri nisafiri mpaka Engaresero kuliko kuvuka michongoma.

Engaresero nilikuwa na rafiki mfugaji tangu enzi za kazi, mwenye mzoga wa landrova kando ya boma lake. Nilipanda basi mpaka Mto wa Mbu, kisha lori la soda za kambi za watalii, nikafika nimekuwa mweupe kwa vumbi. Rafiki yangu alicheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili. Ekseli aliyokuwa nayo alikuwa ameichomeka ardhini, anafungia ndama.

"Chukua hiyo chuma, rafiki yangu," akasema. "Ndama atafungwa kwa mti tu. Lakini wewe ulikuwa dereva mzuri sana, kwa nini umeharibu gari?"

Sikumweleza habari za pazia. Tuliing'oa pamoja. Ncha ya juu niliilinganisha na kipande changu, zikafanana kabisa. Ncha ya chini ilikuwa imegandwa na udongo na samadi, nikasema nitaisafisha nyumbani. Nikaikumbatia kwenye lori njia nzima.

Nyumbani nilifungua difu, nikakitoa kile kipande kilichobaki, nikakiosha kwa petroli. Meno machache, mapana, kama ya ng'ombe. Nikaiosha ile ya Engaresero. Meno mengi, madogo madogo, kama ya mtoto. Ilikuwa ya gari la baadaye. Niliisukuma ndani hata hivyo. Niliigonga kwa nyundo, nikaitukana. Haikuingia, na isingeingia hata ningeigonga mpaka Pasaka.

Mke wangu alitoka jikoni akaniangalia nilivyokaa chini. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. "Mwambie jirani aoshe gari lake," akasema kwa upole. "Siku zenyewe zimekwisha."

Nilisema nitamwambia kesho.

Kesho yake sikusikia landrova ya jirani. Jua likapanda, kimya. Nikafikiri imeharibika, na Mungu anisamehe, kitu kama asali kilinishuka kooni. Halafu michongoma ikatikisika, akatokeza yeye, oili mpaka viwikoni, amebeba kitu kirefu kwenye gunia.

"Shemeji amenieleza kuhusu meno," akasema. Alilifungua gunia. "Hizi zimetoka tumbo moja, jirani. Meno ni yale yale."

Ilikuwa ekseli ya gari lake. Ameichomoa mwenyewe.

"Na la kwako?" nikauliza.

"Limepumzika. Ila nimelishika kwa jeki tu. Ukishashusha lako, niazime hayo mawe."

Iliingia kwa kusukuma kwa kiganja. Mchana ule tuliyabeba mawe yangu manne kwenda kwake, akaiweka landrova yake juu ya mawe hayo. Jioni kuku wangu walizunguka ua, wakapenya kwenye michongoma, wakaenda kutaga kule.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini mtaa ulinichosha. Kila aliyepita alisimama kwake, si kwangu. "Umefanya utu, mzee." "Roho kama yako hazipo siku hizi." Gari langu, nililolifufua kwa mikono yangu, likaanza kuitwa lile lililopewa mguu na jirani. Hata katika kutembea kwangu alikuwa ameshanitangulia.

Nilijifariji na jambo moja: usukani. Miaka yote nilipokuwa chini ya gari lile niliiona siku hiyo, mimi nimeshika usukani, binti yangu nyuma, na barabara ya kanisani mbele yetu. Nilimpelekea suti fundi cherehani aipanue mabega niweze kupindua kona vizuri.

Jioni ya kuamkia harusi binti alikuja akaketi karibu yangu. "Baba, kesho tutakaa wote nyuma, si ndiyo?"

"Mimi naendesha."

"Wewe ndiye unayeniingiza kanisani."

"Nitaendesha, kisha nitakuingiza."

Mke wangu akadakia. "Bibi harusi ameshafika mlangoni, tarumbeta zinalia, baba anatafuta pa kuegesha?"

Nikafikiria vijana wa ukoo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika gia ya zamani kama ile, ambayo ya pili huingia tu ukikanyaga klachi mara mbili. Kisha, bila kupanga, tukajikuta sote watatu tunaangalia upande wa michongoma.

Hivyo ndivyo jirani yangu alivyokalia kiti changu. Alikuja na koti lililopigwa pasi na kofia yake ya kazi, akanisalimia, akanifungulia mlango wa nyuma. Nilipanda. Sikuwahi kukaa nyuma katika gari hilo, na kwa kweli nyuma ya gari lolote sikuwa nimekaa mara nyingi. Kutoka huko dereva ni shingo na masikio tu. Wageni wangu wote waliniona hivyo.

Tarumbeta zilitutangulia kwenye pikapu. Kwenye mlima wa kwanza jirani alikosea gia ya pili, ikasaga, na mimi nikafurahi waziwazi. Binti akanikanyaga mguu kwa kiatu chake cheupe.

Nikaona ndiyo nafasi. "Hebu niambie," nikamwambia kwa sauti ya chini, "kwa nini kwenye kikao ulitaka lile la kwake?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Lile nilikuwa nimelipanda, Baba. La kwako lilikuwa juu ya mawe tangu sijajua kusoma. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Nilitazama nje, mashamba ya ngano, watoto wanaopunga mikono. Alijisogeza, akaniwekea mkono kwenye goti, shela lake likanifunika bega. Nilipogeuka mbele nikakutana na macho ya jirani kwenye kioo, kile nilichokifunga mwenyewe. Hakuwa anaangalia barabara. Alikuwa anauangalia ule mkono juu ya goti langu.

Macho yale niliyajua. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi kila asubuhi, upande wa ukutani, injini yake ikishika. Miaka yote hiyo nilitamani anionee wivu, hata siku moja, na siku ilikuwa imefika, wala si kwa ajili ya gari. Niliufunika mkono wa binti kwa mkono wangu, mahali ambapo kioo kingeuona, kisha nikamwambia dereva aangalie mbele.