Seva Iko Ulaya

Amefariki yule mzee wa Kimamba niliyewahi kumtania humu kwenye safu hii kuwa ndiye mtu pekee Kilosa nzima mwenye tovuti yake na baiskeli isiyo na breki. Habari nilipewa kwa simu na binamu yake, ambaye hata pole yangu hakuisubiri. "Hivi wewe unapajua huko Ulaya alikoweka seva? Tumetuma watu kwa baiskeli, wamezunguka gulioni kutwa, kila wanayemuuliza anawacheka." Walikwenda Ulaya, jamani! Ulaya yetu hii, kijiji cha mahindi, hapa hapa wilayani.

Marehemu alikuwa karani wa shamba la mkonge mpaka soko huria lilipobisha hodi, shamba likauzwa, naye akaambiwa aende nyumbani. Aliondoka na makasha ya picha za wakata mkonge ambazo wenye mali wapya walitaka kuzichoma. Akazipiga skani na kuziweka kwenye tovuti pamoja na majina, ili watoto waliotawanyika wawaone baba zao. Makaratasi yenyewe mchwa wakayamaliza. Mwanzoni alipanga nafasi kwa mwenye internet kafe mmoja wa Mikumi, mtu aliyeuza chochote ilimradi kina waya. Tovuti chungu nzima alizirundika kwenye seva moja, kama wapangaji wa nyumba moja wanaogombea choo. Mmoja akiacha mlango wazi, wote mmeibiwa. Siku moja wakata mkonge wetu wakawa wamegeuka matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Mwenye kafe alidai eti ni upepo wa mtandao. Upuuzi mtupu.

Ndipo mzee akakodi seva yake peke yake huko ng'ambo, yenye mlango wake. Akaziba kila tundu asilolitumia, akaondoa kabisa kuingia kwa nywila, akabakiza ufunguo: faili moja la herufi zisizosomeka, lililokaa ndani ya kompyuta yake ya mezani na si kwingine. "Mwizi aje hata na greda, haingii," alinitambia. Nikamuuliza, na mkeo je? Akacheka. "Mke wangu aingie kufanya nini?" Nilimwambia hilo ni jibu la kijinga kutoka kwa mtu mwenye akili, akaninunia wiki nzima.

Nilifika Kimamba wakati wa kuanua matanga. Kodi ya seva ilikwisha mzee akiwa kitandani hoi, na tovuti ikazimwa. Ndugu walikuwa wameshavunja kabati na kupindua godoro wakisaka ufunguo. Mezani walipanga funguo zote za nyumba, mpaka wa banda la kuku. Nikawaeleza kuwa uko kwenye kompyuta, pamoja na picha zote. Binamu akashika kiuno. "Ile? Mbona nimeshaipiga fomati, nimeiuza! Ilikuwa imejaa mapicha ya wazee, nzito kweli."

Kwenye mkeka alikuwa amekaa mama mmoja auzaye chapati barabara kuu ya Mikumi. Baba yake alikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na sura yake aliiona kwa mara ya kwanza kwenye tovuti ile. Alipotaka kuichapisha, marehemu alimwambia asijisumbue, iko Ulaya, salama salimini.

"Shikamoo kaka," akamwambia binamu. "Fomati ndiyo nini?"

"Marahaba. Ni kufuta, dada. Kila kitu kinaondoka, kompyuta inakuwa kama mpya."

"Na baba?"

Binamu akajifanya anatafuta viatu vyake.

Siku hiyo wasemaji walishindana kumsifu marehemu kwa utaalamu, na mimi nilikaa pale nimekasirika, na mpaka leo hasira haijaniisha. Wenye tovuti, kodini seva yenye mlango wake na mfunge mtakavyo, lakini ufunguo mpeni mtu, na nakala mpeni mwingine. Mzee wetu aliwazuia wezi wa dunia nzima wasiiguse sura ya mkata mkonge mmoja, sura ambayo dunia nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayeitaka, na huyo amerudi Mikumi mikono mitupu.